Hadubini ya kwanza kwa mpenda viumbe na picha: mwaka mmoja na Swift SW380T

Hadubini ya kwanza niliyonunua ilikuwa na maandishi makubwa ya "1200x" ubavuni mwa boksi, na kitu nilichokiona kwa uwazi kuliko vyote katika miezi minne ya kuimiliki ni kope zangu mwenyewe. Ilikuwa ya plastiki tangu kitako hadi jukwaa, taa yake ilikuwa na nguvu ya tochi ya mtoto, na kila nilipogusa gurudumu la kufokasi picha nzima iliyumba kama mtumbwi uliokanyagwa na mtu mzito. Muuzaji wake simtaji, kwa kuwa nusu ya kosa ilikuwa yangu: nilinunua namba. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa, ni Swift SW380T, nami nimekaa nayo mwaka mmoja na ushei mezani kwangu hapa Tanga, nikiiwasha karibu kila mwisho wa juma. Nawaandikia wale ambao, kama mimi, hawakusomea kazi ya maabara, lakini wanatamani kuona kinachoishi ndani ya tone la maji na kubaki na picha yake.

Kwa umbo, ni hadubini ya maabara ya shule iliyovaa vizuri kidogo. Ina lenzi mbili za macho, na nyuma yake mrija wa tatu uliosimama wima kwa ajili ya kamera. Ina lenzi nne za chini, zile zinazokikaribia kitu kinachotazamwa, za kukuza mara 4, 10, 40 na 100, zikiwa zimefungwa kwenye kizungushio kimoja. Jukwaa lake husogeza slaidi kwa skrubu mbili, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia, na pembeni lina mistari ya vipimo ambayo nilidhani ni pambo hadi siku nilipompoteza mdudu mmoja na kumrudia baada ya chai kwa kusoma namba zake. Chini ya jukwaa kuna kondensa, yaani lenzi ya kukusanya mwanga, yenye kiwambo kinachofumba na kufumbua kama mboni ya jicho. Chini kabisa kuna taa ya LED yenye kidhibiti cha ukali wake. Bei ya hadubini za tabaka hili, za chapa yoyote, huwa kati ya dola 200 na 400 za Marekani kabla hujalipia usafiri na ushuru, na hiyo si fedha ya mchezo kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida.

Ndani ya boksi mna jozi nyingine ya lenzi za macho, za mara 25 badala ya mara 10, na hizo, zikizidishwa kwa lenzi ya chini ya mara 100, ndizo zinazoruhusu maandishi ya 2500x kwenye tangazo. Nizizungumzie mapema ili tumalizane nazo, maana mnunuzi mpya hubabaishwa na namba hii kuliko jambo lingine lolote. Ukiishika lenzi ya chini ya mara 40 na kusoma ubavuni mwake, utakuta "40/0.65", na chini yake "160/0.17". Ile 160 ni urefu wa mrija kwa milimita ambao lenzi ilitengenezewa, na 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kile kioo chembamba kinachofunika sampuli. Namba yenye thamani ni 0.65. Hiyo hueleza upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea, na ndiyo inayoamua vitu viwili vinaweza kukaribiana kiasi gani kabla havijaungana machoni na kuonekana kimoja. Kwa mwanga wa kijani, lenzi ya 0.65 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban nusu ya mikromita, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ile ya mara 100, yenye 1.25, hufikia karibu robo ya mikromita, na hapo tumefika ukingoni mwa kile ambacho mwanga wa kawaida unaruhusu kwa kifaa cha aina hii.

Kanuni ya mafundi wa lenzi ni kwamba ukuzaji wenye faida ni kati ya mara 500 na mara 1000 ya namba hiyo. Zidisha 1.25 kwa 1000 upate 1250. Chochote kinachozidi hapo ni ukuzaji mtupu. Ni sawa na kuivuta kwa vidole viwili picha uliyotumiwa kwa WhatsApp: uso unakuwa mkubwa, lakini kovu ambalo halikuwamo haliwezi kutokea. Lenzi zangu za mara 25 zimelala kwenye droo tangu wiki ya pili, na sijazikumbuka ila leo ninapoandika. Kwa hiyo mtu akikuonyesha hadubini mbili, moja ya 1000x na nyingine ya 2500x, na zote zina lenzi za chini zilezile nne, jua kwamba mbele yako pana hadubini moja yenye maboksi mawili.

Kilichonifanya niipende hadubini hii ni ile kondensa. Wiki ya kwanza niliikosea kabisa. Nilikuwa nimeloweka nyasi kavu katika maji ya mfereji kwenye chupa ya jamu, nikaiacha dirishani siku saba hadi maji yakaanza kunuka na kufanya utando juu. Nikachukua tone kutoka chini ya ule utando, nikafunika, nikaweka lenzi ya mara 10, nikawasha taa hadi mwisho kwa kuamini kwamba mwanga mwingi ndio kuona kwingi. Palikuwa peupe pee. Nilikaa nikihangaika kwa robo saa, nikaanza kufikiri kwamba nimelogwa na wauza hadubini, mara mkono ukagusa kwa bahati kile kijiti kidogo kinachojitokeza pembeni mwa kondensa. Kiwambo kilipojifumba kiasi, uwanja ule mweupe ukajaa watu. Paramesia, viumbe wa seli moja wenye umbo la kandambili, walikuwa wakipita kwa kujiviringisha, wakigonga vipande vya nyasi, wakirudi nyuma kidogo na kujaribu upande mwingine kama dereva wa daladala aliyekwama kwenye uchochoro. Walikuwepo muda wote. Miili yao ni angavu kama kioo ndani ya maji, na mwanga mpana ulikuwa unawafuta.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kile kijiti ndicho usukani. Ukikifumba sana, kingo za kila kitu huwa nyeusi na zenye nguvu, lakini unapoteza maelezo madogo na mistari ya uongo huanza kujitokeza kandokando. Ukikifumbua kabisa, unapata maelezo yote ambayo lenzi inaweza kutoa, ila kila kitu kinapauka. Mimi huanza na kiwambo kikiwa wazi kiasi cha theluthi mbili, kisha nafumba polepole hadi kitu kinaposimama. Ukali wa taa naurekebisha kwa kidhibiti chake, wala situmii kiwambo kupunguza mwanga. Hadubini nyingi za bei ya chini hazina kondensa ya kweli; zina kisahani chenye matundu matano ya ukubwa tofauti ambacho unakizungusha. Kisahani hicho kinatosha kwa utando wa kitunguu uliotiwa iodini ya duka la dawa. Kwa kiumbe hai kisicho na rangi, na hasa kwa mtu anayetaka picha, nakiona ni upungufu mkubwa kuliko kukosa lenzi ya mara 100.

Kondensa pia hukupa michezo ya bure. Nilikata kiduara cha karatasi nyeusi nikakiweka chini yake, katikati, ili mwanga wa moja kwa moja uzibwe na upite ule wa pembeni tu. Nilikata vitatu vya ukubwa tofauti hadi kimoja kikakubali. Ghafla uwanja wote ukawa mweusi na viumbe wakawaka kama taa za wavuvi usiku. Maji ya bahari kutoka Raskazone, niliyoyachuja kwa soksi ndefu ya nailoni iliyofungwa mdomoni mwa chupa iliyokatwa kitako, yalinipa chini ya kiduara kile diatomu, yaani mwani wa seli moja, zenye maganda ya silika, zingine zimeungana kama mnyororo na zingine duara kama sarafu zenye nakshi. Nimewahi kuwaonyesha watu wazima watatu na wote walinyamaza kwanza. Mchezo mwingine ni vipande viwili vya polaroidi, ile karatasi angavu ya plastiki inayochuja mwanga, kimoja juu ya taa na kingine juu ya slaidi, kikizungushwa hadi giza liingie. Tone la maji yenye vitamini C, likiachwa likauke kwenye slaidi, hutoa humo fuwele zenye rangi za kanga mpya.

Nije kwenye picha, maana hapo ndipo wengi hununua kifaa kisichowafaa. Nilinunua hadubini yenye mrija wa tatu nikiamini kwamba bila huo hakuna picha. Ukweli ni kwamba robo tatu ya picha ninazozipenda nimezipiga kwa simu janja iliyobanwa kwenye lenzi ya jicho kwa kishikizo cha plastiki. Siri yake ni umbali: juu ya lenzi ya jicho kuna duara dogo la mwanga linaloelea, lenye upana usiofikia milimita moja unapotumia lenzi ya mara 40, na jicho la simu lazima likae hapo hasa. Ukishika simu kwa mkono utaona kivuli cheusi kikikimbia huku na huku, na utalaumu hadubini. Kishikizo kinakaza, unasogeza kwa nusu milimita, unafunga, na kivuli kinakwisha. Kisha bonyeza skrini na ukiweke kidole palepale hadi simu ifunge fokasi na mwanga, vinginevyo itabadilisha mawazo kila paramesia anapopita. Weka kipima muda cha sekunde 2, kwa sababu kugusa simu tu kunatosha kuitikisa picha iliyokuzwa mara 400. Kwa Android mimi hutumia Open Camera, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuchagua mwenyewe kasi ya kufunga, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, na rangi ya mwanga.

Kero moja ya taa za LED, na hii iko kwenye hadubini nyingi za bei hii, ni mistari myeusi inayoshuka kwenye video unapopunguza ukali wa taa. Taa hizo hupunguzwa nguvu kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mno. Jicho halitambui, ila kamera inatambua. Dawa yake ni kuiacha taa iwake karibu na nguvu zote, kisha kupunguza mwanga kwa kuweka karatasi nyeupe ya kuchapia juu ya taa, au kupunguza kasi ya kufunga hatua kwa hatua hadi uone mistari inalegea.

Je, mrija wa tatu ni fedha iliyopotea? Nimelipima swali hilo kwa hesabu. Ukiwa na lenzi ya mara 40 na lenzi ya jicho yenye uwanja wa milimita 18, unachokiona ni duara lenye upana wa milimita 0.45, yaani mikromita 450. Kama uwezo wa kutenganisha ni nusu ya mikromita, basi kutoka ukingo hadi ukingo kuna nukta 900 hivi zinazotofautika, na ukipa kila nukta pikseli mbili hadi tatu ili isipotee, unahitaji picha yenye upana wa pikseli 1800 hadi 2700. Kamera ya USB ya megapikseli 5 inatimiza hilo bila jasho. Zile za megapikseli 18 zinazouzwa kwa bei ya mbuzi watatu hazina cha kuongeza hapo, ingawa kwa lenzi ya mara 4, ambayo uwanja wake ni mpana, picha kubwa zaidi ina manufaa kidogo. Faida halisi ya mrija wa tatu ni uvumilivu wake: kamera inakaa palepale, macho yako yanabaki huru, na unapotaka kurekodi kiumbe anayegawanyika kwa dakika arobaini huna haja ya kufunga na kufungua kishikizo. Kwa mwenye kamera inayobadilishwa lenzi, mrija huo ni mlango mzuri, ilmradi akumbuke kununua kiungo kinachofaa, na ajiandae kwa pembe nyeusi za picha hadi apate lenzi ya kati yenye kipimo sahihi. Kwa mwenye simu tu, aina ya lenzi mbili za macho bila mrija wa tatu inamtosha, na tofauti ya bei ailipie slaidi, vioo vya kufunikia na kipimo cha slaidi chenye milimita moja iliyogawanywa sehemu 100, ambacho kwangu kimekuwa na faida kuliko nilivyodhani. Picha isiyo na kipimo ni pambo. Ukiandika kwamba mstari huu ni mikromita 50, mtu mwingine anaweza kujadiliana nawe.

Lenzi za chini za tabaka hili ni zile za kawaida ambazo uwanja wake umepinda kidogo. Maana yake ni kwamba katikati kukiwa safi, pembeni kunalegea, na ukirekebisha pembeni, katikati kunaponyoka. Jicho husamehe kwa sababu mkono hauachi kuzungusha gurudumu dogo. Picha haisamehi. Kuna lenzi zilizonyooshwa uwanja, zinazoandikwa neno "Plan", na kwa kuwa hadubini hii hutumia uzi wa skrubu wa kawaida na mrija wa milimita 160, mtu anaweza kubadilisha moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi nimebadilisha ya mara 10 pekee, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia zaidi. Kabla ya kutumia fedha, hata hivyo, jaribu kupiga picha kumi au kumi na tano za kitu kilekile huku ukishusha fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Picolay ni ya bure, Helicon Focus ni ya kulipia. Chavua ya ua la boga, ambayo ni mpira wenye miiba na ni kubwa kwa viwango vya chavua, haikuwahi kunitokea vizuri hadi nilipounganisha picha ishirini na mbili. Viumbe wanaotembea, bila shaka, hawatakusubiri.

Lenzi ya mara 100 ni sura nyingine, na naipitia haraka. Inahitaji tone la mafuta kati yake na kioo, mafuta maalumu yanayopinda mwanga kwa kiasi kilekile cha kioo, yaani 1.515. Mtu mmoja aliniuliza kama mafuta ya nazi yanafaa, na kwa mtu wa pwani swali hilo ni la haki. Hayafai: hupinda mwanga kwa kiasi cha karibu 1.45, picha inanyong'onyea, na usafi wake baadaye ni adhabu. Mafuta yenyewe yafutwe mara tu unapomaliza, kwa karatasi ya lenzi, na kamwe usiirudishe lenzi ya mara 40 ikapita juu ya slaidi yenye mafuta. Nilifanya hivyo mara moja, nikavuna jioni mbili za kusafisha. Kosa langu jingine lilikuwa kuishusha lenzi ya mara 40 kwa gurudumu kubwa huku nikitazama ndani. Kati yake na kioo pana takriban nusu milimita tu, na nilichosikia ni mlio mdogo wa kioo kupasuka. Lenzi ilipona kwa kuwa ncha yake ina springi. Sasa huwa naanza na lenzi ikiwa karibu, nikitazama kutoka ubavuni, kisha nainua huku nikitazama ndani.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya maelekezo: ukungu. Kwa unyevu wa hapa, hupenda kuota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui, na ukishaanza kula rangi ya juu ya kioo hautoki. Mfuniko wa plastiki uliokuja na hadubini unazuia vumbi, ila unafungia unyevu. Mimi huzitoa lenzi za macho na za chini kila masika, nikaziweka kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana pamoja na pakiti za jeli ya silika, zile zinazopatikana kwenye maboksi ya viatu, baada ya kuzikausha. Matundu yaliyobaki kwenye hadubini nayaziba kwa vifuniko vyake. Wanaoshauri mchele sijui wanataka kuona nini. Mchele una vumbi, na vumbi ni adui wa pili.

Ukungu huohuo ndio wa kuangaliwa kwanza kwa anayefikiria hadubini iliyotumika. Hadubini kuukuu za hospitali na vyuo, kama Olympus CH-2, ni chuma kilichofanywa na watu waliojali, na kwa bei ileile ya mpya ya tabaka letu unaweza kupata lenzi bora zaidi. Zifungue lenzi moja moja, ushike kila moja kinyume dhidi ya dirisha, na utazame kama ndani pana nyuzi au mawingu. Zungusha gurudumu dogo mwanzo hadi mwisho. Kama ni gumu kama limegandiwa, grisi imezeeka na utahitaji fundi. Angalia pia umeme wake, kwa sababu zile zilizotoka Marekani zikiwa na transfoma ya volti 110 zitaungua siku ya kwanza. Na kama lenzi zake zimeandikwa alama ya kutokuwa na ukomo (∞) badala ya 160, ujue haziingiliani na lenzi za hadubini kama yangu.

Kwa wenye bajeti ndogo zaidi, AmScope M150C ya jicho moja ni mwanzo wa heshima kwa mtoto wa sekondari, bora ajue kwamba kupiga picha kwake kutakuwa kwa simu na kwa subira. Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa mwaka 2014, hukuza takriban mara 140, inaingia mfukoni, na nimeiona ikimtoa mtoto ndani kwenda kutafuta kidimbwi kuliko hadubini yoyote ya mezani. Wenye mkono wa ufundi na njia ya kupata printa ya 3D waitazame OpenFlexure, ambayo michoro yake hutolewa bure na ambayo Taasisi ya Afya Ifakara na wahandisi wa Bongo Tech & Research Labs wa Dar es Salaam walishiriki kuiendeleza pamoja na Chuo Kikuu cha Bath. Nayo ile hadubini ya stereo, ya kukuza mara 10 hadi 40 kwa mwanga wa juu, ndiyo ningemshauri mtu ambaye moyo wake uko kwa wadudu, maua na mchanga. Mchanga wa ufuo wetu, ukitazamwa humo, una maganda ya foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja, yaliyojikunja kama konokono wadogo mno. Mwenye SW380T anaweza kuyaona pia kwa lenzi ya mara 4 na tochi ya pembeni, ila kwa kuinama na kulaani.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alisikia habari za kifaa akaja asubuhi na mjukuu mwenye homa. "Baba Salma, nipimie huyu malaria, wewe si una mashine?" Nilimwambia, "Shikamoo mama. Mashine ninayo, ila elimu yake sina, mpeleke zahanati, nitawasindikiza." Nalisema hili kwa sababu matangazo huonyesha damu nyekundu nzuri, na kweli lenzi ya mara 100 inaweza kuonyesha chembe za damu. Lakini kutambua kimelea kunataka slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa ipasavyo na jicho lililofundishwa, na damu ya mtu si kitu cha kuchezea juu ya meza ya chakula. Seli za ndani ya shavu lako mwenyewe, zilizokwanguliwa kwa kijiti cha pamba, zinatosha kwa udadisi.

Boksi likifika, usiliweke kabatini ukisubiri siku ya kupumzika. Chomeka siku hiyohiyo, na uwe na plagi ya pini tatu karibu, kwani yangu ilikuja na ya pini bapa mbili. Tazama utando wa kitunguu kwa lenzi ya mara 10, kisha uzungushe hadi ya mara 40 bila kugusa gurudumu kubwa: kuta za seli zibaki zinaonekana, zikihitaji mguso mdogo tu wa gurudumu dogo, na seli iliyokuwa katikati isiwe imetoroka nje ya uwanja. Fumba jicho moja, kisha jingine, uone kama picha mbili zinakaa mahali pamoja. Kama baada ya dakika kumi kichwa kinauma, mirija haijapangwa sawa na hilo si la kuvumilia. Inua kichwa chako kutoka kwenye hadubini, uondoke kwa dakika tano, urudi uone kama fokasi imeshuka yenyewe. Ikishuka, na skrubu ya kukaza haisaidii, mpigie muuzaji wakati risiti ingali na joto.